Hewa na Ubaridi katika Kabati la Uyoga: Somo kwa Wakulima wa Majumbani wa Korogwe na Handeni

Si kawaida kwa daktari wa mapafu kuandika juu ya kilimo cha uyoga, na msomaji ana haki ya kuuliza kilichomleta huku. Kilichomleta ni hewa. Kabati dogo la kuoteshea uyoga, likiwekwa chumbani au kwenye korido, hupokea na kutoa hewa ileile anayoivuta mwenye nyumba. Namna linavyopitisha hewa huamua mambo mawili kwa pamoja: kama uyoga utakuwa na kofia pana au vishina virefu visivyouzika, na kama mapafu ya wanaolala karibu nalo yatabaki salama. Wataalamu wa kilimo hufundisha jambo la kwanza, na kwa kawaida huliacha la pili, kwa kuwa banda la uyoga la mfano husimama peke yake uani, mbali na kitanda. Mkulima asiye na banda hana anasa hiyo.

Korogwe na Handeni zina sababu nzuri ya kulima uyoga. Mkonge, ulioletwa katika pwani ya Tanga na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, bado unatawala mashamba makubwa ya ukanda huu, na takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani ndiyo huwa nyuzi. Kinachobaki ni maji na masalia laini yanayorundikana nyuma ya korona. Mwaka 2008 Mshandete na Cuff walichapisha katika African Journal of Biotechnology utafiti ulioonyesha kwamba masalia hayo, yakishavundikwa, huotesha aina tatu za uyoga wa porini wa Tanzania unaolika. Kwa hiyo malighafi ipo mlangoni. Uyoga wa kupandwa pia humwondolea mlaji hatari ya kuokota porini baada ya mvua, mahali ambapo uyoga unaolika na ule unaoua ini huweza kufanana kama pacha. Sina sababu ya kumkatisha mtu tamaa ya kulima. Nina sababu ya kumwonyesha mahali pa kutoboa tundu.

Uyoga haupumui kama mmea

Watu wengi huuita uyoga mmea, na kwa mazungumzo ya sokoni hakuna ubaya. Katika suala la hewa, kosa hilo hugharimu. Mmea ukipata mwanga hutwaa hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Uyoga, uwe gizani au mwangani, hufanya kama sisi: hutwaa oksijeni, hutoa hewa ya ukaa, na hutoa joto. Kabati lenye mifuko kumi ya uyoga linakaribia zaidi chumba chenye watu waliolala kuliko bustani.

Hewa ya nje ina hewa ya ukaa takriban asilimia 0.04. Uyoga wa mamama, ambao ndio unaolimwa zaidi majumbani, huanza kuonyesha taabu pale kiasi hicho kinapopita asilimia 0.1 wakati wa kutoa vichwa: kishina hurefuka, kofia hubaki ndogo kama kitufe, na mteja hupita bila kuuliza bei. Katika wiki za mwanzo, utando mweupe unapoenea ndani ya mfuko, hali ni tofauti kabisa. Utando huvumilia hewa ya ukaa nyingi sana na hauna haja ya upepo. Ndiyo maana mkulima anayeacha kabati limefungwa mwezi wa kwanza huona mambo yakienda vizuri, akaendelea kulifunga hata vichwa vilipochomoza, akashangaa mavuno yalivyoharibika.

Anayetaka kutumia kabati kuoteshea miche ya nyanya au mboga chini ya taa ana hesabu nyingine. Kwake adui ni joto la taa. Karibu umeme wote wa taa huishia kuwa joto ndani ya kabati, hata ukiwa wa taa hizi za kisasa zinazoitwa baridi. Taa ya wati 40 huhitaji takriban lita 11 za hewa kwa sekunde ili joto la ndani lisizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 3. Kiasi hicho hakipatikani kwa matundu ya kawaida, kama tutakavyoona. Lazima awepo feni. Uyoga hauhitaji taa hiyo. Mwanga hafifu wa dirishani unautosha, na huo ni unafuu mkubwa.

Vumbi lisiloonekana

Kofia ya uyoga ikikomaa hudondosha spora, yaani chembe za uzazi, kwa mamilioni. Mkulima huziona kama unga mweupe juu ya mifuko ya chini au kwenye rafu, akaufuta kwa kitambaa. Anazoziona ni zile zilizotua. Zilizobaki hewani ndizo zinazotuhusu. Spora ya mamama ni ndefu kiasi na ina upana wa takriban mikroni 3 tu, hivyo pua na koo haziwezi kuizuia yote. Sehemu yake hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo damu na hewa hubadilishana gesi.

Kwa watu wengi hakuna kinachotokea. Kwa baadhi, baada ya wiki, miezi au hata miaka ya kuvuta spora hizo, kinga ya mwili huanza kuzipiga vita, na uwanja wa vita ni mapafu yenyewe. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani waliripoti ugonjwa wa mapafu kwa wafanyakazi wa mashamba ya uyoga, na tangu hapo umeelezwa katika nchi nyingi zinazolima uyoga ndani ya majengo. Katika uyoga wa kizungu wenye kofia ya duara, lawama kubwa huangukia vijidudu vinavyoota katika mboji ya moto. Katika mamama, lawama ni ya spora zenyewe.

Ugonjwa huu una tabia ya kumhadaa mganga. Saa 4 hadi 8 baada ya kuvuna au kusafisha kabati, mtu hupata homa, baridi ya kutetemesha, kikohozi kikavu, kifua kubana na mwili kuchoka. Akikaa mbali na uyoga, hali hutulia ndani ya siku moja au mbili. Anarudi kuvuna, inarudi. Tuseme ni mama wa Korogwe anayevuna saa kumi jioni na kutetemeka usiku wa manane. Yeye mwenyewe, jirani yake na muuza duka la dawa watakubaliana kwa neno moja: malaria. Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, waliothibitishwa na darubini kuwa na vimelea walikuwa chini ya nusu. Vipimo vya haraka vimeboresha hali tangu wakati huo, lakini mazoea ya kufikiri hayabadiliki upesi kama vifaa. Dawa ya malaria itaonekana kumponya mama huyo, kwa kuwa homa ingeisha yenyewe asubuhi ya pili.

Kuna sura nyingine iliyo mbaya zaidi, ile isiyokuja kwa kishindo. Anayelala kila usiku kando ya kabati hupokea spora kidogo kidogo. Hapati homa kali. Hupata kikohozi kisichoisha, hupungua uzito, na mlima aliokuwa akiupanda bila kusimama unamshinda. Hapa neno la pili hutajwa: kifua kikuu. Ni sahihi kabisa kumpima kifua kikuu, na apimwe kwanza. Shida huja pale makohozi yanapokuwa safi, kisha mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa kukisia, akameza miezi sita, huku kabati likiendelea kupumua kichwani pake. Mapafu yaliyowaka muda mrefu hujenga makovu, na kovu la mapafu haliyeyuki kwa dawa tuliyo nayo. Pia wapo wenye pumu, ambao spora huwaamshia kifua kubana na kukoroma ndani ya dakika chache tu. Hao hawahitaji kusubiri miezi ili kujua.

Hewa hupita wapi

Kanuni ya kwanza ya upitishaji hewa haina ufundi: hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea. Tundu moja, hata likiwa kubwa, hufanya kazi hafifu. Mawili, moja chini na jingine juu, hutengeneza njia. Hewa iliyopashwa joto na mifuko huwa nyepesi, hupanda na kutoka juu, na ya nje huingia chini kuchukua nafasi yake.

Tupime kwa mfano. Kabati lina urefu wa kwenda juu mita 1.8, upana mita 1, kina sentimita 60. Ujazo wake unakaribia mita moja ya ujazo. Matundu mawili yenye eneo la sentimita za mraba 100 kila moja yametobolewa, na kati ya la chini na la juu pana mita 1.2. Ndani pakiwa na joto kuliko nje kwa nyuzi 3, hesabu ya mvutano huo inatoa takriban lita 2 kwa sekunde, yaani kabati hubadili hewa yake mara 7 hivi kwa saa. Weka wavu wa kuzuia nzi, ambao ni lazima kuwekwa, kiasi kinaweza kushuka hadi nusu. Mara 3 au 4 kwa saa. Kwa uyoga wa mifuko michache huo si upungufu mkubwa.

Neno "kubadili hewa mara moja" lisimdanganye msomaji. Hewa mpya huchanganyika na ya zamani inapoingia. Haiisukumi nje kama maji ndani ya mpira. Kwa hiyo badiliko moja huondoa takriban asilimia 63 ya kilichokuwamo, mawili asilimia 86, matatu asilimia 95. Hesabu hii hii ndiyo tunayoitumia hospitalini kujua muda wa kusubiri kabla ya kuingia bila barakoa katika chumba alimokohoa mgonjwa wa kifua kikuu.

Sasa lipo jambo ambalo michoro mingi ya makabati hailisemi. Mvutano huo wa kwenda juu upo tu iwapo ndani ni joto kuliko nje. Mkulima akifanikiwa kulipoza kabati lake kwa gunia bichi, hewa ya ndani huwa nzito kuliko ya chumbani, na mkondo hugeuka. Hewa baridi huteremka na kumwagika kupitia tundu la chini, ikibeba hewa ya ukaa na spora, na hewa ya joto ya chumbani huvutwa kupitia tundu la juu. Bomba la kutolea hewa lililofungwa juu, lililogharimu fedha na jasho, limegeuka kuwa la kuingizia. Na tundu la chini, linaloelekea kitandani, ndilo linalotoa. Ukitaka kujua mkondo wa kabati lako unaelekea wapi, washa ubani au kijiti cha udi, ukizime moto ubaki moshi, ukisogeze kwenye kila tundu mchana na usiku. Moshi hausemi uongo.

Kuvuta, si kusukuma

Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu anayelipoza kabati lake ndani ya nyumba ategemee mkondo wa asili. Anahitaji feni ndogo. Ile ya kompyuta ya volti 12, inayouzwa kwa mafundi wa vifaa vilivyotumika, hula wati 2 au 3 na huendeshwa na paneli ndogo ya jua na betri ya pikipiki. Swali ni aifunge wapi.

Wengi huifunga kwenye tundu la kuingilia, ipulize ndani, kwa fikra kwamba uyoga utapata upepo. Uyoga utaupata kweli. Lakini hewa inayosukumwa ndani hulijaza kabati kuliko nje yake, na kabati la mbao lililogongwa na fundi wa mtaani lina nyufa kila pembe. Kila ufa hugeuka kuwa pua inayotoa spora chumbani. Feni ikiwekwa kwenye njia ya kutokea na kuvuta, mambo hugeuka: ndani huwa na msukumo mdogo kuliko nje, na kila ufa huingiza hewa badala ya kuitoa. Hata mlango ukifunguliwa kidogo, hewa huelekea ndani. Vyumba vya kutengea wagonjwa wa maambukizi ya hewa hujengwa kwa kanuni hii, vivyo hivyo makabati ya maabara ambamo makohozi ya kifua kikuu hushughulikiwa. Hatuna siri zaidi ya hiyo.

Kuna nyongeza moja ambayo mafundi huisahau. Kutoka kwenye kabati hadi nje ya ukuta unahitaji bomba. La plastiki la inchi 4 linafaa, kwani tundu lake lina sentimita za mraba 80 hivi. Feni na iwe mwisho wa bomba, upande wa nje ya nyumba, chini ya kofia ya bati ya kuikinga mvua. Ikiwekwa mwanzo, karibu na kabati, sehemu yote ya bomba inayopita chumbani husukumwa, na maungio yake huvuja spora. Ikiwekwa mwisho, bomba zima huvutwa. Mdomo wa bomba usielekee dirisha lako, wala la jirani, wala mahali watoto wanapochezea. Upepo unaovuma dhidi ya mdomo huo hulishinda feni la wati 2 bila taabu, basi chagua ukuta usiopigwa na upepo. Umeme ukikatika, mkondo hufa. Kipande cha nailoni laini kikining'inizwa mdomoni kama ulimi hujifunga chenyewe na kuizuia hewa isirudi ndani.

Ukuta mbichi: Handeni si Korogwe

Mji wa Korogwe uko takriban mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya Mto Pangani na chini ya milima ya Usambara, na kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 32 mara kwa mara. Handeni iko juu zaidi na ni kavu zaidi. Mamama ya maeneo ya joto hutoa vichwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 28 hivi. Anayeishi Lushoto hana la kuhangaikia; wa bondeni analo.

Kupitisha hewa peke yake hakuwezi kulifanya kabati liwe baridi kuliko hewa inayoingia. Ili kushuka chini ya hapo bila barafu wala mashine, mkulima hutumia maji yanayokauka. Kila lita moja ya maji ikigeuka mvuke hunyang'anya mazingira joto linalokaribia lile la pasi ya umeme ya wati 1,000 iliyowashwa kwa dakika 40. Ndiyo siri ya mtungi wa udongo. Jokofu la mkaa, lile sanduku la wavu lenye kuta mbili zilizojazwa vipande vya mkaa vinavyomwagiliwa maji, hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Kwa kabati letu, ukuta mmoja tu unatosha: upande wa kuingizia hewa, weka fremu ya wavu yenye mkaa au magunia ya katani yanayolowanishwa, na feni ya upande wa pili ivute hewa kupita humo. Hewa huingia ikiwa imepoa na ina unyevu. Hapo ndipo vitu hivi viwili vinapohitajiana: feni bila ukuta mbichi hukausha kofia mpaka zipasuke kingo, na ukuta mbichi bila feni hupoza sentimita chache za jirani yake tu, huku ukileta ukungu.

Lakini maji hukauka kadiri hewa inavyoyakubali. Chukua vipimajoto viwili vinavyofanana, funga cha pili kitambaa chembamba kilicholowa, vipepee kwa dakika chache, kisha vilinganishe. Kile kikavu kinasema joto la sasa. Kile kibichi kinasema ukomo ambao ukuta wako hauwezi kuupita. Hewa yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 50, kama ilivyo mchana mkavu wa Handeni, itashusha kipimajoto kibichi hadi nyuzi 24. Hewa yenye nyuzi 32 hizohizo na unyevu wa asilimia 80 itakishusha hadi 29 tu. Na ukuta wa kujitengenezea haufiki ukomo. Ukifika nusu au theluthi mbili ya njia, umefanya vyema. Hivyo mkulima wa Handeni anaweza kutegemea nyuzi 27 au 28 ndani ya kabati, wakati wa Korogwe, siku ya fukuto kabla ya mvua, atapata 30 na kulaumu mkaa. Mkaa hauna hatia.

Handeni nako kuna swali la maji. Wilaya ambayo kizazi baada ya kizazi kimetazama mabomba ya mradi wa HTM kwa matumaini na mashaka haiwezi kuambiwa imwagie ukuta maji ovyo. Habari njema ni kwamba kiasi kinachohitajika ni kidogo. Feni ikivuta mita 20 za ujazo kwa saa na kuipoza hewa kwa nyuzi 8 kamili, maji yanayokauka hayafiki lita 2 kwa siku. Yanayozidi hapo ni yale yanayochuruzika, na hayo yakusanywe kwenye beseni yarudishwe juu. Beseni lifunikwe kwa wavu, na limwagwe na kusuguliwa kila baada ya siku 4 au 5. Katika joto la bondeni yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi, na mbu anayesambaza homa ya dengi anapenda hasa vyombo vidogo vya namna hiyo vilivyo karibu na watu. Ingekuwa kichekesho cha uchungu kuepuka ugonjwa mmoja kwa kufuga mwingine.

Kwa Korogwe ushauri wangu ni tofauti: badili uyoga kabla hujapigana na hali ya hewa. Uyoga wa majani makavu, unaoitwa kitaalamu Volvariella volvacea, hustawi kwenye nyuzi 28 hadi 35, joto ambalo mamama hulikimbia, na ulikuwa mmojawapo wa aina tatu zilizooteshwa kwenye masalia ya mkonge katika utafiti niliotaja. Haukai muda mrefu baada ya kuvunwa, hilo ni kweli, na soko lake linahitaji kujengwa. Huliwa ukiwa bado yai, kabla kofia haijafunuka na kuanza kumwaga spora. Daktari wa mapafu hawezi kuficha kwamba sifa hii ya mwisho ndiyo inayompendeza zaidi. Mamama abakizwe kwa msimu wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo usiku wenyewe hufanya kazi ya ukuta mbichi.

Mikono na pua

Hata mamama huweza kuvunwa mapema. Kingo za kofia zikiwa bado zimejikunja kwenda chini, spora ni chache. Zikinyooka na kuanza kuinuka, mvua ya unga imeanza, na uyoga wenyewe umepoteza ladha. Vuna asubuhi, feni ikiwa imekwisha kufanya kazi nusu saa. Usifagie rafu zikiwa kavu. Futa kwa kitambaa kibichi. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe za mikroni 3 kwa kiasi cha kutegemewa. Ya kiwango cha N95 huzuia, mradi ikae usoni bila mwanya. Mwenye pumu asivune, na mtoto mchanga asilale chumba chenye kabati, hata lenye feni nzuri.

Kuchemsha au kufukiza malighafi kwenye pipa kufanyike uani. Jiko la kuni au mkaa likiingizwa ndani kwa kuhofia mvua hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika usiku mmoja bila kusubiri miaka ya makovu. Mifuko iliyokwisha kuzaa itolewe nje ikiwa imefungwa, ikafunguliwe kwenye shimo la mboji, si chumbani. Nzi wadogo wakizidi, tafuta tundu la wavu lililotoboka. Dawa ya kupulizia ndani ya kabati huingia kwenye uyoga utakaouuza, na sehemu yake, feni ikiwa imezimwa, kwenye kifua chako.

Anayelima uyoga ndani na kupata homa bado apimwe malaria, na anayekohoa wiki mbili bado apimwe kifua kikuu. Vipimo vikitoka safi, amwambie mtabibu mambo matatu ambayo pengine hataulizwa: kwamba analima uyoga, umbali wa kabati hadi kitanda, na saa ngapi baada ya kuvuna homa ilianza. Kabla ya kurudi kwa miadi, akalale kwa ndugu wiki mbili bila kugusa uyoga, na aandike kwenye daftari jinsi kifua kilivyokuwa kila siku. Dawa za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni, zina nafasi yake kwa uamuzi wa daktari, lakini hazina maana kwa mtu anayerudi kila jioni kwenye spora zilezile. Daftari hilo la wiki mbili, likiletwa kliniki pamoja na picha ya kabati iliyopigwa kwa simu, hunifaa kuliko picha ya eksirei ya kwanza, ambayo katika hatua za mwanzo za ugonjwa huu mara nyingi haionyeshi kitu.